Maji Migodini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Uchimbaji wa Madini Uganda

Maswali yaliyomo hapa ni yale yanayorudiwa kila tunapokaa na wachimbaji wadogo, wenye mashamba na wenyeviti wa vijiji, kuanzia Tiira na vijiji jirani vya Busia hadi Kasese na Moroto. Tumeyajibu kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya shimoni: katika shimo moja la Busia utamkuta Msamia, Mteso, Mganda na kijana aliyevuka mpaka kutoka Migori, na wote hao wanaposikia "Jiwe!" hawahitaji mkalimani. Maswali ya bei ya dhahabu tumeyaacha makusudi. Msomaji ataona kwamba majibu mengi, hata ya maswali yaliyoanza kwa habari ya mashine au sheria, huishia kwenye maji: yanakoingilia, yanakotokea, na yanachobeba yanapotoka.

## Mambo ya msingi

1. Ni madini gani yanayochimbwa Uganda, na wapi?

Dhahabu huchimbwa Busia na Namayingo upande wa mashariki, Mubende katikati ya nchi, Buhweju magharibi, na Karamoja kaskazini-mashariki. Shaba na kobalti zilitoka Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori. Mawe ya chokaa ya kutengenezea saruji hutoka Tororo, Hima na Karamoja. Fosfeti iko Sukulu karibu na mji wa Tororo. Bati, wolframu na chuma viko kusini-magharibi. Chumvi huvunwa Katwe.

Miamba ya Busia ni ndugu ya miamba ya Migori nchini Kenya na ya Geita nchini Tanzania, yote ikiwa na umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Ndiyo maana mbinu za kuchimba, maneno ya kazi, na hata makosa husafiri pamoja na watu kuzunguka Ziwa Victoria.

2. Nikikuta dhahabu katika shamba langu, si mali yangu?

La, si mali yako. Kwa mujibu wa Katiba, madini yako mikononi mwa Serikali kwa niaba ya Jamhuri, hata kama hati ya ardhi ina jina lako. Udongo wa mfinyanzi, murram, mchanga na mawe ya kawaida ya kujengea havihesabiwi kuwa madini kwa maana hiyo. Mwenye shamba anabaki na haki juu ya uso wa ardhi, hivyo mwenye leseni ya kuchimba hawezi kuingia kwako bila kuzungumza nawe kuhusu ruhusa na fidia.

Leseni hutolewa na wizara inayohusika na madini kupitia Kurugenzi ya Utafiti wa Jiolojia na Migodi iliyoko Entebbe. Sheria ya Madini ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2003, iliwatambua wachimbaji wadogo wadogo kwa leseni yao wenyewe. Wanaodhani karatasi hiyo haina maana wakumbuke Mubende, ambako mwezi Agosti 2017 maelfu ya wachimbaji waliondolewa na jeshi, wengi wao wakiacha nyuma mashine zao.

3. Je, sisi wenye karai na koleo nasi tunahusika na sheria ya mazingira?

Ndiyo. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 haimwachi mtu nje kwa sababu ya udogo wa mtaji, ijapokuwa kiasi cha tathmini kinachodaiwa hutegemea ukubwa wa kazi. Kazi ya kando ya mto, ziwa au kinamasi huhitaji kibali cha pekee. Ulizeni katika ofisi ya mazingira ya wilaya kabla ya kuchimba, kwa kuwa kuuliza baada ya kuchimba hugharimu zaidi.

## Shimo, pampu na hewa

4. Kwa nini mashimo huporomoka zaidi wakati wa mvua, hata yale yaliyosimama imara kiangazi kizima?

Udongo hujishika kwa sababu chembe zake zinagusana na kubanana. Maji yanapojaa katika nafasi zilizo baina ya chembe hizo, huzisukuma ziachane, na wakati huohuo huongeza uzito, kwani mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Ukuta uliokuwa ukijibeba wenyewe sasa unabeba mzigo mkubwa zaidi kwa nguvu ndogo zaidi. Katika mashimo ya Busia hatari hii hukaa hasa sehemu ya juu, kwenye udongo mwekundu na mwamba uliooza, kabla ya kufikia mwamba mgumu wenye mishipa ya kwatsi, jiwe gumu linalobeba dhahabu.

Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba siku ya hatari si lazima iwe siku ya mvua. Maji huchukua muda kushuka, kwa hiyo shimo linaweza kuvumilia wiki nzima ya mvua kisha likaanguka asubuhi ya jua, wakati wote wamekwisha kurudi kazini. Tazama ardhi iliyo nyuma ya mdomo wa shimo: ufa mwembamba uliopinda kama mwezi mchanga maana yake kipande kizima kimeanza kujitenga. Vijiwe vinavyodondoka bila kuguswa, matimba (magogo ya kuegemeza ukuta) yanayolia, na maji ya ukutani yaliyokuwa meupe yakageuka ghafla kuwa tope ni dalili za kutoka mara moja, vifaa viachwe huko huko.

Kosa la kawaida kuliko yote ni kurundika kifusi kwenye mdomo wa shimo ili kupunguza safari ya kukibeba. Kifusi hicho ni uzito juu ya ukuta ulio dhaifu, tena hunyonya mvua kama sifongo. Kisogezwe mbali, na juu ya shimo uchimbwe mtaro wa kukinga maji ya mtelemko. Matimba ya mkaratusi husaidia, lakini mkaratusi mbichi ulioegeshwa bila kukazwa ni pambo tu.

5. Pampu inanguruma vizuri lakini maji hayapandi. Imeharibika?

Mara nyingi pampu ni nzima, ila imewekwa mahali isipoweza kufanya kazi. Pampu iliyokaa juu ya ardhi haiyavuti maji kama mtu avutavyo kamba. Inachofanya ni kuondoa hewa ndani ya bomba, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Uzito huo una kikomo: kwenye usawa wa bahari unaweza kuinua maji mita 10.3 tu, na katika nyanda zetu zilizo zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, kikomo kinashuka hadi karibu mita 9. Ukiondoa msuguano wa bomba na uvujaji wa maungio, unabaki na mita 6 au 7 za kutegemea. Shimo likipita hapo, hata ukinunua injini yenye nguvu maradufu, maji yatabaki chini.

Kabla ya kulaumu kina, kagua mambo matatu: bomba la kuvutia liwe gumu lisilojikunja, maungio yasipitishe hewa, na vali ya chini yenye chujio isiwe imezibwa na tope. Yakiwa sawa na maji bado hayapandi, ama tumia pampu ya kuzamishwa, ambayo husukuma kutoka chini na kwa hiyo haifungwi na kikomo hicho, ama chimba kibaraza katikati ya shimo, weka pipa, na upandishe maji kwa hatua mbili. Pampu ya umeme ya kuzamishwa isitumiwe bila waya wa ardhi na swichi inayokata umeme yenyewe hitilafu inapotokea, na watu wasiwe ndani ya maji inapofanya kazi.

Niliwahi kuitwa kwenye shimo ambalo pampu ilikuwa imefanya kazi siku tatu mfululizo, mafuta yakaisha madumu kwa madumu, na alama ya maji iliyochorwa ukutani kwa chaki ilikuwa haijashuka hata kiasi cha shibiri. Pampu haikuwa na kosa lolote. Bomba la kutolea maji lilikuwa limelazwa hatua sita kutoka mdomoni, juu ya kifusi, na kila kilichotoka kilikuwa kikirudi chini kwa chini. Bomba liliposogezwa hadi upande wa chini wa mtelemko, shimo lilikauka kabla ya giza kuingia.

6. Mbona tusiishushe jenereta au pampu ya petroli shimoni, ili iwe karibu na maji?

Kwa sababu itawaua. Injini ya petroli hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu ipatayo mara 200 ya ile ya oksijeni. Anayeivuta huanza kuumwa kichwa, hulegea miguu, kisha husinzia, na wenzake hudhani ni uchovu. Injini haishuki shimoni kwa sababu yoyote ile, na hata ikiwa juu, bomba lake la moshi lielekezwe mbali na mdomo wa shimo, upande upepo unakokwenda. Hewa safi ipelekwe chini kwa feni na bomba, mwisho wa bomba ukiwa karibu na wafanyakazi.

7. Tumefika kwenye mwamba mgumu. Tutumie baruti?

Ni mwenye kibali tu anayeruhusiwa kununua, kutunza na kulipua baruti. Tunaongeza moja tu, kwa kuwa limewakata watu mikono: usitoboe tena katika tundu la zamani lililokwisha kulipuliwa, hata kama linaokoa saa nzima ya kazi, kwani baruti iliyoshindwa kulipuka inaweza kuwa bado imo ndani. Moshi wa mlipuko nao ni sumu. Hewa isafishwe kwanza.

8. Vumbi la karasha, mashine ya kuponda mawe, lina madhara gani? Baba zetu walitwanga mawe miaka mingi.

Jiwe la dhahabu kwa kawaida ni kwatsi, na kwatsi ikisagwa kavu hutoa chembe ndogo zisizoonekana ambazo hufika ndani kabisa ya mapafu na kubaki huko. Kovu linalotokea haliponi, nalo humweka mtu katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Mtu anaweza kuwa mzima miaka kumi kisha akashindwa kupanda ngazi. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe hizo. Maji huzizuia: loweka jiwe kabla ya kuliponda, nyunyiza karashani, na inapowezekana saga kwa maji. Kina mama wanaotwanga kwa vinu chini ya kibanda, watoto wakiwa mgongoni, ndio wanaokula vumbi jingi kuliko mwanamume yeyote aliye shimoni, na bado barakoa zikiletwa hugawiwa wa shimoni kwanza.

9. Kwa nini mashine mpya hufa mapema migodini kwetu?

Mara nyingi ni kwa sababu iliagizwa bila maji yetu kupimwa. Mfano mkubwa uko Katwe. Katika miaka ya 1970 ulianza ujenzi wa kiwanda cha kisasa cha chumvi kando ya ziwa lile la kreta, na kilipowashwa, mabomba yake yaliliwa na maji yenye chumvi kali hata kikasimama muda mfupi tu baadaye. Magofu bado yapo, na watu wanaendelea kuvuna chumvi kwa mikono wakiwa wamesimama ndani ya maji yanayochoma ngozi. Maji ya mgodi yenye asidi (tazama swali la 13) hula chuma vivyo hivyo. Kipande cha chuma kilichoning'inizwa ndani ya maji ya shimo kwa mwezi mmoja kitakueleza zaidi ya karatasi ya muuzaji.

## Zebaki na kemikali

10. Zebaki inafanyaje kazi, na ubaya wake uko wapi ikiwa dhahabu inapatikana?

Zebaki hushikamana na dhahabu na kufanya donge laini. Donge hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huchomwa hadi zebaki ipae na dhahabu ibaki. Huchemka kwenye nyuzi 357, lakini hutoa mvuke hata ikiwa imetulia ndani ya chupa iliyo wazi. Mvuke huo huharibu mishipa ya fahamu na figo, huleta mtetemo wa mikono, na humdhuru mtoto aliye tumboni. Ile inayomwagika mtoni hugeuzwa na vijidudu vya matopeni kuwa aina kali zaidi inayojikusanya ndani ya samaki, na samaki wa Busia na Namayingo huliwa mbali na Busia na Namayingo.

Kwa anayejali mfuko kuliko afya, iko hoja nyingine. Zebaki ikimwagwa karashani pamoja na jiwe lote, husagika kuwa vitone vidogo mno ambavyo havirudi kushikana. Huondoka na tope, vikiwa vimebeba dhahabu. Mtu hulipia zebaki ili apoteze dhahabu. Uganda ni mwanachama wa Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, unaotaka njia hiyo ikomeshwe, pamoja na kuchoma donge hadharani au kwenye makazi.

11. Kama hatuwezi kuacha leo, tufanye nini?

Kwanza, punguzeni mchanga kabla ya zebaki kuguswa. Uzito wa dhahabu safi ni mara 19.3 ya maji, ilhali wa kwatsi ni mara 2.65 tu; tofauti hiyo inatosha kuzitenganisha kwa maji na zulia la mwalo (mfereji wa kuoshea mchanga) likitumiwa kwa uangalifu. Mwalo mwingi tunaoukuta una mtelemko mkali mno na maji ya kasi, hivyo dhahabu laini hupita juu ya zulia. Mchanga uoshwe mara ya pili na ya tatu kwa karai.

Pili, donge lichomwe ndani ya retoti, chombo kilichofungwa ambacho hupoza mvuke na kurudisha sehemu kubwa ya zebaki. Huweza kufuliwa na fundi yeyote wa vyuma, ila ifunguliwe ikiwa imepoa, na nje ya nyumba.

Tatu, kwa mchanga uliosafishwa sana, boraksi huweza kuchukua nafasi ya zebaki kabisa. Wachimbaji wadogo wa Benguet nchini Ufilipino wameitumia kwa miongo kadhaa: huuyeyusha uchafu upesi, dhahabu ikazama chini. Si kila jiwe linaikubali, kwa hiyo jaribuni kwa kiasi kidogo.

12. Mnunuzi amekuja na fedha taslimu, anataka marudio yetu yote (mchanga uliokwisha kuoshwa) ili ayatie sayanidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu. Tumuuzie?

Muulize kwanza ataifanya wapi na ataiondoaje zebaki iliyomo. Sayanidi ikikutana na zebaki huiyeyusha na kuifanya isafiri kwa urahisi ndani ya maji, na Mkataba wa Minamata unataka zebaki iondolewe kwanza. Sayanidi yenyewe huhitaji chokaa ya kutosha ili maji yasipoteze ukali wa alkali, la sivyo hutoa gesi inayoua. Huhitaji pia mabwawa yasiyovuja na uzio wa kuzuia ng'ombe. Matangi yakijengwa juu ya kisima cha kijiji, fedha yake haitoshi, iwe kiasi gani.

## Maji yanapotoka mgodini

13. Kilembe ulikoma kuzalisha shaba zamani. Kwa nini bado unaleta taabu?

Kilembe ulianza kazi kubwa mwaka 1956, reli ilipofika Kasese. Shaba yake ikayeyushwa Jinja, kwenye umeme wa Nile, na ikawa mojawapo ya mauzo makuu ya nchi baada ya kahawa na pamba. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 uzalishaji ulikuwa umekoma. Kilichobaki ni mabaki ya mawe yaliyosagwa, yaliyotandazwa katika bonde jembamba la mto Nyamwamba.

Mabaki hayo yana pairiti, madini ya chuma na salfa. Pairiti ikikaa chini ya ardhi haina neno. Ikipata hewa na maji kwa pamoja hutoa asidi ya salfa, na asidi huyeyusha shaba, kobalti na metali nyingine na kuzipeleka mtoni. Bakteria wanaoishi kwa kula chuma na salfa huharakisha kazi hiyo mno. Bakteria wa jamii hiyohiyo walitumiwa karibu na mji wa Kasese, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, kutoa kobalti katika lundo la pairiti lililoachwa na mgodi. Ndani ya tangi ni vibarua; nje yake hakuna awezaye kuwaambia waache kazi. Njia ya maji kutoka kwenye lundo lile iliacha ukanda usioota majani ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth, kuelekea Ziwa George, ambalo tangu mwaka 1988 linatambuliwa na Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu.

Juu ya asidi kuna mafuriko. Mwezi Mei 2013, na tena Mei 2020, Nyamwamba ulishuka na mawe makubwa kuliko magari, ukavunja nyumba na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Mvua ya mlimani haikuletwa na mgodi, lakini mto unaopita katikati ya mabaki ya mgodi huyala na kuyatandaza mashambani. Ukiona kando ya mto utando wa rangi ya machungwa, na mawe yasiyo na ukungu wa kijani, usichote maji ya kunywa hapo. Kuyachemsha hakusaidii, kwa kuwa metali haziondoki kwa moto.

14. Mchanga wa Lwera nao ni habari ya migodi?

Kisheria si madini ya kawaida (swali la 2), lakini kwa maji hakuna tofauti. Lwera, kwenye barabara ya Kampala na Masaka, ni kinamasi kinachochuja maji kabla hayajaingia Ziwa Victoria, na mashimo yaliyoachwa na mashine za kunyonya mchanga hayajifukii yenyewe.

15. Karamoja hatuna maji ya kuosha dhahabu. Tufanyeje?

Wengi huchimba mchanga wa mto mkavu hadi maji yatokee, au humwaga unga wa jiwe kutoka kwenye beseni ili upepo upeperushe ulio mwepesi. Njia ya pili hupoteza dhahabu laini na huleta vumbi la swali la 8. Maji yaliyopo yanaweza kutumika mara nyingi yakizungushwa kati ya vidimbwi viwili: kimoja cha kutulizia tope, kingine cha kuchotea. Visiwe vile wanavyonyweshwa ng'ombe, hata kama ni kiangazi, hata kama mwenye ng'ombe ni shemeji.

## Mashimo yaliyoachwa

16. Nani anapaswa kufukia shimo lililoisha?

Aliyelichimba, na mpango wa kufukia huwa sehemu ya masharti ya kazi. Shimo lililojaa maji huzalisha mbu na huua watoto wanaokwenda kuogelea. Panapokosekana nguvu ya kufukia lote, kwanza wekeni uzio, kisha rudisheni kifusi, na udongo wa juu uwe wa mwisho ili majani yaote. Anayetaka kufanya hivyo sharti awe ameutenga udongo huo tangu siku ya kwanza.

17. Ndama ameanguka katika shimo la zamani lisilo na maji. Kijana mwenye nguvu anaweza kushuka kwa kamba?

Asishuke. Majani yanayooza na mwamba wenyewe hula oksijeni, na hewa nzito isiyofaa kupumuliwa hutulia chini. Anayeshuka huweza kuanguka kabla ya kufika, na wa pili anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Vifo vya watu wawili au watatu katika shimo moja huwa hivyo. Taa ya moto ikishushwa na kuzimika, jibu mmelipata. Ikiendelea kuwaka haimaanishi kwamba ni salama, kwa sababu moto hauonyeshi kaboni monoksidi.

Pelekeni hewa chini kwa feni na bomba, jaribuni kumnasa ndama kwa kitanzi kutoka juu, na waiteni polisi wa uokoaji. Ikiwa aliyeanguka ni mtu, mshike kwa nguvu ndugu yake anayetaka kuruka, huku wengine wakileta feni.